Kwa Nini Windows ya Zamani Inagoma Kwenye Kompyuta Mpya

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna wazo limeshika kasi maofisini, kwenye maduka ya steshenari na katika makundi ya WhatsApp ya mafundi: turudi Windows 7. Wapo wanaotaka kurudi nyuma zaidi, hadi XP. Wanaosema hivyo wana sababu zao. Windows 7 ilikuwa nyepesi, menyu yake ilikaa pale ulipoizoea, na haikudai akaunti ya intaneti ndipo ikuruhusu kuingia kwenye kompyuta uliyoinunua kwa fedha yako. Tena kompyuta ya mezani ya leo ina nguvu mara nyingi kuliko ya mwaka 2009. Basi mfumo mwepesi ukikaa kwenye mashine yenye nguvu, kila kitu kitakwenda kasi. Ndivyo hesabu inavyopigwa.

Halafu mtu anachomeka flashi, anawasha mashine, na mambo yanakwama. Kioo kinaganda kwenye maneno "Starting Windows". Au kinasogea mbele kidogo, kisha kibodi na mausi vinakufa. Au kila kitu kinaonekana sawa ila diski haimo kwenye orodha. Hapo inalaumiwa flashi, analaumiwa fundi, na mwishowe watu wanakubaliana kwamba kompyuta mpya "zimefungwa" makusudi. Sehemu ndogo tu ya maelezo hayo ni kweli. Ukiielewa sababu yenyewe, utajua ni mashine ipi itakubali, ipi itakupotezea siku nzima bure, na ni wakati gani kuna njia nyingine iliyo bora.

Kwanza tutenganishe mambo matatu yanayochanganywa sana. Kuna mfumo wa zamani wenyewe: Windows XP iliyotoka Oktoba 2001 na Windows 7 iliyotoka Oktoba 2009. Hizo ziliandikwa, zikakamilika, kisha zikaachwa; XP tangu Aprili 2014, Windows 7 tangu Januari 2020. Kuna mfumo ulio hai uliojengwa kwa mtindo wa zamani: watu wanauandika leo na kuurekebisha leo, lakini sura yake, tabia yake na pengine hata programu zake ni za miaka ya 1990. Haiku na FreeDOS zimo humu. Na kuna mfumo wa kisasa uliovikwa sura ya zamani, kama Linux, mfumo wa bure, iliyopangwa ifanane na XP. Mtu anayesema "nataka ile ya zamani" huenda anachohitaji ni kimojawapo tu kati ya hivyo, na jibu la swali "itaingia kwenye mashine yangu?" ni tofauti kabisa kwa kila kimoja.

Nguvu ipo, kinachokosekana ni kufahamiana

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya vifaa na programu nyingine zote. Word ikitaka kuhifadhi barua haijui diski imetengenezwaje. Inauambia mfumo, nao mfumo unashughulika na diski. Lakini hata mfumo haumjui kila mtengenezaji wa diski, kadi ya mtandao au kadi ya picha duniani. Unategemea draiva, yaani programu ndogo inayojua namna ya kukiamuru kifaa fulani.

Mchukue msimamizi hodari wa bandari ya majahazi, anayejua kuwapanga mahamali, kuhesabu magunia na kusoma maji yanapokupwa, umpeleke kwenye gati la makontena lenye kreni za umeme. Akili yake haijapungua. Kreni nazo zina nguvu kuliko mahamali mia. Lakini hajui kitufe kipi kinainua na kipi kinashusha, na hakuna aliyebaki wa kumfundisha, kwa hiyo kwake kreni ni chuma kilichosimama tu. Hali ya Windows 7 kwenye kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2024 ni hiyo. Wala si hitilafu moja. Ni milango kadhaa, na kila mmoja unaweza kumkwamisha mtu kwa namna yake.

Mlango wa kuwaka

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza si Windows. Ni programu iliyokaa kwenye chipu ya mazabodi. Kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa BIOS, iliyokuja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981. BIOS hukagua vifaa, huisoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, na kuiachia kazi. Siku hizi nafasi yake imeshikwa na UEFI, ambayo inajua kusoma mafaili, inaelewa diski kubwa na ina ukaguzi wa usalama. Mafundi wengi bado husema "ingia BIOS", na hakuna ubaya, ila kilichomo ndani ni kitu kingine.

UEFI ilikuja na mpangilio wake wa diski, uitwao GPT. Ule wa zamani, MBR, hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 na ushei. Hapa ndipo flashi nyingi zinaposingiziwa ubovu: umeiandaa kwa ajili ya BIOS, mashine inatafuta ya UEFI, inaipita kana kwamba haipo. Ukiiandaa tena kwa Rufus, programu ya kuandalia flashi za kusakinishia, na kuchagua aina sahihi, flashi ileile inafanya kazi.

Kwa miaka kadhaa watengenezaji waliacha daraja ndani ya UEFI liitwalo CSM, kazi yake kuiigiza BIOS. Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba inataka daraja hilo liondoke ifikapo 2020, na bodi nyingi zilizofuata hazinalo, au linafanya kazi tu ukiwa na kadi ya picha ya kuchomeka. XP bila CSM haiwaki kabisa. Windows 7 ya biti 64 iko katikati: UEFI inaijua, lakini inapofika hatua ya kuchora picha kwenye kioo, inaita huduma ya picha ya BIOS ya zamani. Isipoitikiwa, inaganda palepale kwenye "Starting Windows". Ule mgando mashuhuri unaowafanya watu wabadilishe flashi tatu, nne, mara nyingi chanzo chake ni hicho. Ipo programu ya bure iitwayo UefiSeven inayoiigiza huduma hiyo, na kwenye baadhi ya mashine inasaidia.

Kisha kuna Secure Boot. Huu ni ukaguzi wa saini: kabla ya kuiachia kazi programu yoyote ya kuwashia, UEFI inaangalia kama imetiwa saini inayotambulika. Lengo ni kuzuia virusi vinavyojipenyeza kabla mfumo haujaamka, na ni lengo la maana. Windows 7 na XP hazikuandaliwa kwa ukaguzi huo, hivyo hukataliwa. Hili ndilo lenye chembe ya ukweli katika madai ya "kufungwa". Lakini kwenye kompyuta nyingi za mezani unaingia kwenye mipangilio ya UEFI, unaizima, na ukitaka unaiwasha tena. Kuizima hakuiunguzi mashine.

Diski, kibodi, kioo

Tuseme umepita. Sasa programu ya kusakinisha inataka diski ya kuandikia. XP iliandikwa wakati diski zikizungumza kwa utaratibu wa IDE. Ikikutana na diski ya SATA, utaratibu uliofuata, iliyowekwa katika hali yake ya kisasa iitwayo AHCI, inatoa kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B. Dawa ya enzi zile ilikuwa kubonyeza F6 na kuingiza draiva kwa diski laini (floppy), kitu ambacho kompyuta ya leo haina hata mahali pa kukichomeka. Windows 7 inaielewa AHCI vizuri, ila inakwama hatua moja mbele: haikuzaliwa ikiijua NVMe, aina ya diski nyembamba ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Microsoft walitoa masasisho ya kuongeza uwezo huo, lakini lazima yaingizwe ndani ya flashi ya kusakinishia kabla hujaanza. Ukitumia diski ya kawaida ya SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka, yenye waya wa SATA, tatizo hilo huligusi kabisa.

Kibodi kufa ndiyo hali inayowashangaza watu kuliko zote, kwa sababu dakika moja kabla ilikuwa ikifanya kazi. Kwenye menyu ya mwanzo kibodi inahudumiwa na UEFI. Mara tu Windows 7 inapoamka na kushika usukani, inatafuta milango ya USB kwa utaratibu wa USB 2.0 inaoujua. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, zilizoanza kuuzwa Agosti 2015, na bodi zake, zilikuja bila ule utaratibu wa zamani. Milango yote ikawa chini ya kidhibiti cha USB 3.0, hata ile inayoonekana ya kizamani. Windows 7 haina draiva yake. Kwa hiyo umebaki na kioo kinachokuuliza lugha unayoitaka, na huna namna ya kujibu. Tena draiva iliyo kwenye flashi haisomeki, kwa sababu flashi yenyewe iko kwenye USB ileile.

Njia zinazojulikana ni mbili. Gigabyte na ASUS, miongoni mwa watengenezaji wa mazabodi, walitoa programu ndogo za kupachika draiva za USB 3.0 ndani ya flashi ya Windows 7. Njia ya pili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: angalia nyuma ya kompyuta. Kompyuta nyingi za ofisini bado zina tundu la duara la PS/2, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa mausi. Hilo halipiti kwenye USB hata kidogo. Kibodi ya zamani ya shilingi chache kutoka kwa muuza vifaa vilivyotumika inaweza kukuvusha.

Ukishamaliza kusakinisha, unabaki na kadi ya picha. Kwa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7 hakuna draiva rasmi ya Windows 7 kwa picha iliyojengwa ndani ya prosesa. Kioo kitawaka, lakini kwa draiva ya jumla: picha zimevutika, video zinakatakata, na kioo cha pili hakiwezekani. Kadi ya mtandao na ya sauti nazo mara nyingi ni hivyohivyo. Unaweza kuzipata draiva ukakuta hata hivyo hazikubali, kwa sababu Windows 7 ya flashi ya zamani haiujui mfumo mpya wa saini uitwao SHA-2 mpaka isasishwe, na kusasisha kunahitaji intaneti, ambayo inahitaji draiva ya mtandao. Ukweli ni kwamba inawezekana kuuvunja mzunguko huu kwa kupakua masasisho kwenye kompyuta nyingine. Lakini hesabu muda wako.

Kuhusu RAM nitasema kwa kifupi. Mfumo wa biti 32 unaishia gigabaiti 4, na kwa kawaida unaonyesha 3 na kitu. Ukiweka Windows ya biti 32 kwenye mashine ya gigabaiti 16, sehemu kubwa ya RAM uliyoilipia inalala.

Mpaka uko wapi

Kwa prosesa za Intel, tazama namba. Katika i5-4570, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni kizazi: cha 4. Katika i5-8500 ni cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10500, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10.

Hadi kizazi cha 4 na cha 5, Windows 7 iko nyumbani na inaingia bila vita. Kizazi cha 6 kinahitaji maandalizi ya USB, lakini draiva zipo. Kuanzia cha 7 Microsoft na Intel waliacha rasmi. Mwaka 2017 Microsoft walifika mahali pa kuizuia Windows 7 isipokee masasisho kwenye prosesa hizo na zile za AMD Ryzen. Kizazi cha 8 na cha 9 wajuzi wanafanikiwa, kwa kadi ya picha ya kuchomeka na subira. Kizazi cha 11 kuendelea, hata wajuzi wanatoka jasho. Kuanzia cha 12 prosesa nyingi zina viini vya aina mbili, vyenye nguvu na vya kubana umeme, na Windows 7 haijui kuvitofautisha, kwa hiyo inaweza kuipeleka kazi nzito kwenye kiini dhaifu.

XP ina mpaka wa nyuma zaidi. Kama mashine haina CSM, usijaribu kabisa.

Jambo la kuzingatia kwa wasomaji wa huku kwetu ni kwamba kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa zikiwa zimeshatumika Ulaya na Ghuba ni za kizazi cha 4 hadi cha 7. Ndizo hasa Windows 11 inazozikataa, kwa kuwa rasmi inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. Ndiyo maana wazo la kurudi nyuma lina mvuto mkubwa hapa: mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma unaonekana wazi.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Inasemwa kwamba Windows 7 ni salama kwa sababu wadukuzi wameisahau. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilizunguka dunia, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilikwama. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa sasisho lililotoka miezi miwili kabla. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka hata cha XP, waliyokuwa wameshaiacha. Mdukuzi hahitaji kuikumbuka Windows 7. Programu yake inapita mtandaoni ikijaribu kila mlango, na tundu lisilozibwa linabaki tundu mwaka hadi mwaka.

Inasemwa antivirusi inatosha. Antivirusi inatafuta wageni wabaya waliokwishaingia. Haizibi ufa wa ukuta. Na zenyewe zinaacha kuhudumia mifumo ya zamani kadiri muda unavyokwenda.

Inasemwa Windows 10 imezimwa. Haikuzimwa. Inawaka na kufanya kazi kama jana. Kilichokoma ni masasisho ya bure, na Microsoft wameweka mpango wa nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Anayeikimbia Windows 10 kwa sababu haina masasisho, akaenda Windows 7 iliyoachwa zaidi ya miaka mitano kabla yake, amekwenda kinyume na sababu yake mwenyewe.

Inasemwa pia mashine itakuwa na kasi zaidi. Kwa kazi za ofisi, uzito watu wanaouona kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi unatoka kwenye diski ya kuzunguka. Weka SSD na RAM ya gigabaiti 8 kwenye i5 ya kizazi cha 4, kisha ulinganishe. Kivinjari nacho ni kilekile kizito popote kilipo, isipokuwa kwenye Windows 7 ni cha zamani: Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na Firefox ilibaki na toleo lake la 115 la muda mrefu. Kadiri siku zinavyosonga, tovuti zinazohitaji kivinjari kipya, zikiwemo za fedha, zinazidi kukataa.

Lililo hatari kuliko yote wala halisemwi kama dai, linafanywa tu kimyakimya: kupakua "Windows 7 iliyorekebishwa" kutoka kwa mtu usiyemjua, yenye draiva zote ndani na iliyokwisha kufunguliwa leseni. Naomba hili lisikike vizuri. Aliyeuandaa mfumo huo aliweza kuweka chochote humo, na wewe utaandikia humo nywila za benki na taarifa za wateja wako. Kama ni lazima, anza na faili halisi la Microsoft na upachike draiva mwenyewe.

Kama unachokitaka ni programu moja

Watu wengi wanaoiulizia XP, ukiwahoji kidogo, hawaihitaji XP. Wana programu ya uhasibu ya zamani yenye kumbukumbu za miaka kumi, au mchezo, au kamusi iliyokuwa kwenye CD. Kwao jibu ni kompyuta pepe: programu kama VirtualBox inayounda kompyuta ndani ya kompyuta. Mashine yako halisi inabaki na mfumo wa kisasa, na ndani ya dirisha moja XP inawaka ikiwa na yote inayoyajua: BIOS ya kuigizwa, diski ya IDE ya kuigizwa, kadi ya mtandao ya zamani. Milango yote tuliyoieleza juu inatoweka, kwa sababu XP haikutani na vifaa vyako halisi hata mara moja. Ipe XP hiyo RAM ya gigabaiti 1 au 2, ikatie intaneti, na kila baada ya kazi nakili faili la diski yake pepe mahali pengine. Leseni ya Windows bado inahitajika.

Kompyuta pepe haifai pale programu inapoendesha kifaa kwa tundu maalumu, kama mashine ya maabara au ya kuchonga vibao inayotumia tundu pana la printa za kale. Kwa kazi hiyo, bakia na kompyuta ya zamani yenyewe, usiiunganishe na mtandao, na ukiona nyingine kama hiyo inauzwa bei nafuu, inunue iwe ya akiba ya vipuri.

Kama unachokitaka ni enzi yenyewe

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu mifumo iliyo hai ya mtindo wa zamani haizungumzwi vya kutosha.

Mwaka 1990 Jean-Louis Gassée, aliyekuwa kiongozi wa ngazi ya juu Apple, alianzisha kampuni ya Be, iliyotengeneza mfumo wa BeOS. Ulikuwa mwepesi ajabu kwa wakati wake: ungeweza kucheza video kadhaa kwa pamoja kwenye mashine ambazo Windows ilihangaika na moja. Mwaka 1996 Apple, iliyokuwa ikitafuta mfumo mpya, ilizungumza na Be, lakini mwishowe ikainunua NeXT ya Steve Jobs. Be ikakosa pumzi, na mwaka 2001 mali zake zikauzwa kwa Palm kwa dola milioni 11. Mwaka huohuo wapenzi wa BeOS walianza kuuandika upya kutoka sifuri. Mfumo huo tangu 2004 unaitwa Haiku, ni wa bure, na toleo lake la Beta 5 lilitoka Septemba 2024.

Ukiuona utadhani umerudi 1999: madirisha yenye vichwa vya njano mfano wa vichupo vya faili, na menyu ndogo kwenye pembe ya kioo. Toleo lake la biti 32 linaweza hata kuendesha programu za asili za BeOS, na linaridhika na RAM ya megabaiti 384. Lakini kwa kuwa wanaouandika wako kazini leo, UEFI unaijua, GPT unaijua, NVMe na USB 3.0 pia, na draiva za Wi-Fi umeazima kutoka mifumo mingine ya bure, FreeBSD na OpenBSD. Kwenye kompyuta ya kizazi cha 10 ambayo Windows 7 ilikufa mlangoni, Haiku unaweza kuwaka mpaka kwenye eneo kazi bila kukuuliza kitu. Unachotakiwa kuzima ni Secure Boot tu.

Mapungufu yake yapo na ni ya kweli. Hautumii nguvu ya kadi ya picha kwa michoro ya 3D, kwa hiyo video nzito inaielemea prosesa. Hauna nywila ya kuingilia wala watumiaji wengi. Anayeiwasha kompyuta ndiye mwenye kila kitu, jambo lisilofaa kwa mashine ya kaunta. LibreOffice ipo, Microsoft Office haipo. Ni mfumo wa kujifunzia, kuandikia na kufurahia, na kwa kijana anayetaka kuelewa kompyuta inavyofanya kazi ndani sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

ReactOS inalenga jambo kubwa zaidi, kuendesha programu na draiva za Windows bila Windows, lakini baada ya miaka zaidi ya 25 bado waandishi wake wenyewe wanaiita ya majaribio. Usiwekee kazi ya mtu humo.

FreeDOS umeshakutana nayo hata kama hukujua. Ni ule mfumo unaotajwa kwenye matangazo ya laptopu mpya za bei nafuu, Nairobi na Dar es Salaam, "FreeDOS" mahali pa jina la Windows, maana yake mashine inauzwa bila leseni ya Windows. Aliianzisha Jim Hall mwaka 1994, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, baada ya kusikia kwamba Microsoft wanaiacha DOS. Inahitaji BIOS, au kitu cha kuiigiza. Sasa itawakaje kwenye laptopu mpya yenye UEFI tupu? Kwenye baadhi ya mashine za HP, kilichomo ndani ni Linux ndogo inayowaka kwanza, kisha inaiendesha FreeDOS ndani ya kompyuta pepe. Kiwandani kwenyewe wameutatua mgongano huu kwa njia ileile tuliyoieleza hapo juu.

Na kama unachokikosa ni menyu tu na wepesi, si programu maalumu wala historia, basi chukua Linux yenye sura ya zamani. Linux Mint yenye mazingira mepesi ya Xfce, au Q4OS yenye mazingira ya Trinity, inamweka mtu wa XP mahali anapopafahamu: menyu chini kushoto, saa kulia, aikoni kwenye kioo. Ina masasisho ya leo na kivinjari cha leo, na Mint inapita kwenye ukaguzi wa Secure Boot bila kuuzima. Kwa steshenari, shule au ofisi yenye kompyuta za kizazi cha 4 zilizokataliwa na Windows 11, hili ndilo ninalolipendekeza kwanza, mradi printa yenu ijaribiwe kabla.

Kabla ya kugusa chochote

Haiku na Linux zote mbili zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kuandika kitu kwenye diski. Zitumie hivyo siku mbili tatu: jaribu mtandao, sauti, printa, kuzima na kuwasha. Windows 7 haina nafasi hiyo ya kujaribu.

Ukitaka kuzima Secure Boot kwenye mashine yenye Windows 10 au 11, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha mafaili yote ya diski. Ikiwa imefungwa, Windows inaweza kukuamkia ikidai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo mafaili hayafunguki kwa fundi yeyote. Ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta, ambayo kwa mashine iliyonunuliwa mkononi inaweza kuwa ya mtu mwingine. Uandike kwenye karatasi. Kisha nakili mafaili kwenye diski ya nje, uichomoe hiyo diski kabisa, ndipo uingie kwenye mipangilio.